Kosa ni la Mtu au la Mtutu?

Wiki hii naomba tuiweke tarakilishi kando kidogo (tutairudia, msiwe na wasiwasi) tuzungumze juu ya bunduki. Si za vita, si za majambazi, wala si za kuwindia. Nazungumzia bunduki za kulenga shabaha zilizotengenezwa Marekani tangu miaka ya 1870 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia: unatia risasi moja, unafyatua, unafungua, unatia nyingine. Basi.

Kwa nini habari hii iwe hapa? Kwa sababu kila anayeandika programu analijua swali hili: mambo yakienda mrama, kosa ni langu au ni la mashine? Wale walenga shabaha walilikabili swali hilo kabla ya tarakilishi kuzaliwa, tena wakatoa pesa zao mfukoni kulijibu.

Tuanze tarehe 26 Septemba 1874, uwanja wa Creedmoor, Long Island, New York. Timu ya Ireland ilipambana na timu ya Marekani kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waairishi walikuja na bunduki za Rigby za kushindilia kwa mdomo, kama gobore zile za wazee wetu ila zimetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu. Wamarekani walishika Remington na Sharps, zinazotiwa risasi kwa nyuma. Wamarekani wakashinda kwa pointi 934 dhidi ya 931. Ni rahisi kusema kwamba bunduki mpya iliishinda ya zamani. Lakini Mwairishi mmoja alikuwa amepiga katikati kabisa ya shabaha, ila shabaha yenyewe haikuwa yake! Pointi 4 zikapotea, na tofauti ilikuwa pointi 3. Sasa nawauliza, hapo ilishindwa bunduki au alishindwa mtu?

Mchezo ulioipa bunduki hii umbo lake la ajabu, hata hivyo, ulikuwa wa Wajerumani waliohamia Marekani. Uliitwa Schuetzen. Vyama vyao vilikuwa na viwanja vyenye bia, muziki na familia nzima, na mshindi alitawazwa mfalme. Mlengaji alisimama wima bila kuegemea kitu, akalenga karatasi iliyo umbali wa yadi 200 (mita 183). Karatasi hiyo ilikuwa na duara 25, moja ndani ya nyingine. Ile ya katikati, yenye pointi 25, ilikuwa na upana wa inchi 1.5 tu, yaani milimita 38. Jaribu kusimama sasa hivi ukiwa umenyoosha ufagio mkononi, halafu tazama ncha yake inavyocheza. Wengine katika michezo hiyo hiyo walipenda kukaa mezani na kuegemeza bunduki, ili waone chuma chenyewe kina uwezo gani.

Basi mtu wa mwaka 1900 mwenye pesa za bunduki moja tu angechagua ipi?

Wengi wangeanza na mtambo, yaani ile sehemu ya nyuma inayofunga na kufungua. Palikuwa na Ballard, iliyosajiliwa mwaka 1861 na baadaye kutengenezwa na Marlin, iliyopendwa kwa ulaini wake. Palikuwa na Winchester ya 1885, aliyoibuni kijana John Browning kule Ogden, Utah. Hiyo ilikuwa na kizibo kizito cha chuma kinachoshuka na kupanda kwa wenzo, imara kama mwamba. Na kuanzia 1903 palikuwa na Stevens 44½. Mabishano juu ya mitambo hii yalikuwa kama yetu juu ya Linux na Windows: hayakwisha, na kila mtu alikuwa na ndugu yake wa kumtolea ushahidi.

Lakini mtambo si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hesabu, na hapa ndipo tarakilishi inarudi.

Makosa mawili yasiyotegemeana hayajumlishwi moja kwa moja. Unazidisha kila moja kwa lenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Tuseme (ni mfano wangu tu) mlengaji aliyesimama ana kosa la sentimita 15 na mtutu wake una kosa la 4. Kosa la jumla ni 15.5. Akinunua mtutu bora wenye kosa la 2 tu, jumla inakuwa 15.1. Ametoa pesa nyingi kununua milimita nne! Lakini abaki na mtutu wake wa zamani, abadilishe kitako na kifyatuo ili kosa lake mwenyewe lishuke hadi 13, na jumla itakuwa 13.6. Amepata karibu sentimita mbili.

Sasa mweke mezani, kosa lake liwe sentimita 1. Kwa mtutu wa kwanza jumla ni 4.1, kwa mtutu bora ni 2.2. Mtutu ule ule ambao ulikuwa anasa kwa aliyesimama, kwa aliyeketi unapunguza kosa karibu nusu.

Ndiyo maana bunduki ya kusimama inaonekana kama samani ya ajabu. Kitako chake kimepinda kama mwezi mchanga na kina pembe ya kukumbatia kwapa. Mbao imeinuliwa ili shavu litulie. Chini yake kuna kirungu cha kukalisha kwenye kiganja, na kiwiko kinaegemea nyonga. Vifyatuo ni viwili: cha kwanza ni cha kutega, na cha pili, kikishategwa, huachia kwa kuguswa kidogo tu. Vyote hivyo havimsaidii mtutu hata kidogo, vinamsaidia mtu. Uzito nao ni mapatano, mara nyingi kilo 5 na nusu hadi 7: nyepesi mno inacheza, nzito mno inakuchosha kabla ya mashindano kwisha. Hata risasi iliyopendwa, .32-40, ilipendwa kwa sababu teke lake ni dogo.

Mezani mambo ni kinyume. Pembe ya kwapa inakwaruza, kirungu kinazuia, kitako kilichopinda kinateleza. Kinachotakiwa hapo ni mtutu mzito na mnyofu na darubini nzuri. Na kwa mtutu, jina lilikuwa moja: Harry Pope. Alizaliwa 1861, akafanya kazi Hartford, kisha katika kiwanda cha Stevens. Mwaka 1906 alihamia San Francisco, na tetemeko la ardhi la tarehe 18 Aprili likaiteketeza karakana yake akiwa ndiyo kwanza ameanza. Akaanza upya Jersey City, akachonga mitutu huko mpaka uzeeni. Alifariki 1950.

Siri ya Pope ilikuwa ndogo lakini ya akili. Ganda lenye baruti aliliingiza kwa nyuma, ila kichwa cha risasi alikisukuma kutoka mdomoni, akitumia mdomo wa bandia ili asiharibu ule halisi. Kwa njia hiyo michirizi ya ndani ya mtutu haiachi mapezi yanayoning'inia kwenye kitako cha risasi. Mei 1901, kule Colorado, C. W. Rowland aliegemeza bunduki yenye mtutu wa Pope akapiga risasi 10 kwa yadi 200, zote ndani ya inchi 0.725. Hiyo ni kama milimita 18!

Kwa nini iwe kitako cha risasi na si ncha? Aliyelijibu swali hilo alikuwa daktari, Franklin Mann wa Milford, Massachusetts, ambaye kampuni yake iliuza mashine za kusagia mifupa ya kulishia kuku. Mann alimwondoa mtu kabisa. Alifunga mitutu kwenye nguzo nzito ya saruji, akabadilisha jambo moja tu kila mara, akaandika. Kitabu chake cha 1909 kilionyesha kwamba ukiharibu ncha ya risasi haipotei sana, lakini ukiharibu kitako chake inapotea vibaya. Jamani, huyo ni mtu aliyekuwa akisaka hitilafu kama sisi tunavyosaka kwenye programu!

Mchezo wenyewe ulipata pigo Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917, kwani chochote chenye jina la Kijerumani kilitiliwa shaka. Mwaka 1948 wapenzi wake waliunda chama cha bunduki za risasi moja, na mpaka leo hulenga kwa kusimama na kwa mezani pia. (Onyo kwa mwenye Ballard ya babu: chuma hicho hakikukusudiwa baruti ya kisasa.)

Kwa anayetaka bunduki moja ifanye kazi zote mbili, jibu la wazee hao bado ni zuri: mtambo mmoja imara, mtutu mzuri, na vitako viwili vya kubadilishana. Lakini kabla ya kutoa hata senti, keti mezani upige risasi 10, kisha simama upige nyingine 10. Ziweke karatasi hizo mbili bega kwa bega. Zitakuambia pesa zako ziende kwa fundi wa mbao au kwa fundi wa chuma.

Haya, tarakilishi yangu inaniita. Tukutane wiki ijayo.