Kununua jengo lenye wapangaji bila kulikagua

MAJENGO ya kukodisha yenye wapangaji huwavutia wanunuzi wengi, hasa Wakenya wanaofanya kazi ng'ambo, kwa kuwa kodi huanza kuingia mara tu umiliki unapobadilishwa. Hata hivyo, anayenunua bila kufika mahali penyewe hununua pia makubaliano asiyoyajua.

Kisheria, mpangaji haondoki na muuzaji. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hulinda upangaji usiozidi miaka miwili, pamoja na ule wa mwezi hadi mwezi, hata kama haumo katika sajili. Hivyo basi, upekuzi wa hatimiliki, uwe katika afisi ya ardhi au kupitia mtandao wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, huonyesha mmiliki na mikopo iliyosajiliwa dhidi ya ardhi. Hauonyeshi aliyemo chumbani, kodi anayolipa wala malimbikizo yake.

Tuseme jengo lina vyumba 20 vya Sh10,000 kila kimoja. Muuzaji atataja mapato ya Sh200,000 kwa mwezi. Ikiwa vyumba vitano ni vitupu na wapangaji watatu hawalipi, kinachoingia ni Sh120,000 pekee. Isitoshe, ikiwa kila mpangaji aliweka amana ya kodi ya mwezi mmoja, kuna Sh150,000 za kurejeshwa, nazo zi mfukoni mwa muuzaji.

Maduka yana uzito zaidi. Chini ya Sura 301 ya sheria, mfanyabiashara aliyepanga duka, hoteli au mkahawa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, haondolewi wala kuongezewa kodi bila ilani rasmi ya angalau miezi miwili, naye ana haki ya kuipinga mbele ya jopo la kodi za majengo ya biashara. Anayenunua akinuia kubomoa na kujenga upya huenda akangoja sana.

Asiyeweza kufika na amtume wakili au mkaguzi asiyelipwa na muuzaji wala dalali. Huyo ahesabu milango, amuulize kila mpangaji kodi na amana yake, kisha alinganishe majibu hayo na rekodi za benki au M-Pesa za mwaka mzima. Aidha, athibitishe kuwa ada za ardhi za kaunti zimelipwa, maana deni hilo hufuata ardhi. Mwishowe, mkataba wa mauzo useme wazi kwamba amana zote zitakatwa kutoka kwa bei kabla ya malipo ya mwisho.