Umri na Ujuzi: Historia ya Udhibiti wa Foklifti kwa Wafanyakazi Vijana nchini Marekani

Matumizi ya foklifti yalienea kwa kasi katika maghala na bandari za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi yalipohitaji kuhamisha shehena kubwa zilizopangwa juu ya paleti. Mashine hiyo iliikuta nchi ambayo ulinzi wake wa watoto kazini ulikuwa bado mchanga. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1916 ilitenguliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1918, katika kesi ya Hammer v. Dagenhart. Sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 ndiyo iliyodumu, baada ya mahakama hiyo hiyo kuithibitisha mwaka 1941.

Chini ya sheria hiyo, Amri ya Saba ya mwaka 1946 iliwakataza walio chini ya miaka 18 kuendesha mitambo ya kunyanyulia mizigo, foklifti ikiwamo. Kigezo chake kilikuwa umri peke yake. Hata hivyo, hatari ya foklifti hutokana pia na namna inavyofanya kazi: huongozwa kwa magurudumu ya nyuma, hivyo sehemu yake ya nyuma huyumba kwa upana inapokata kona; na mzigo ukiinuliwa juu, uthabiti wake hupungua na huweza kupinduka. Kutimiza miaka 18 hakumfundishi mtu mambo hayo.

Pengo hilo lilizibwa polepole. Kanuni zilizotolewa mwaka 1971, kufuatia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 1970, zilimtaka mwendeshaji awe amefunzwa, lakini hazikufafanua mafunzo yenyewe. Ufafanuzi ulikuja mwaka 1998: nadharia, mazoezi, na tathmini inayorudiwa angalau kila baada ya miaka mitatu.

Hata kigezo cha umri hakikutumika kwa usawa. Katika ajira ya kilimo, kijana wa miaka 16 huruhusiwa na sheria ya shirikisho kuendesha foklifti ile ile anayokatazwa ghalani hadi atimize miaka 18. Uzito wa mashine haubadiliki ikitoka ghalani kwenda shambani. Kwa hiyo tofauti hiyo haielezeki kwa hatari ya kazi. Chimbuko lake ni nafasi ya pekee ambayo kilimo kilipewa katika sheria ya 1938.