Makanisa na Nyumba za Watawa za Mji wa Assisi



Katika siku za jubilei twazoea kuhesabu kazi za mikono: kanisa lilijengwa mwaka gani, nani alichoma matofali, mabati yalitoka wapi. Hesabu hiyo ni njema. Lakini uko mji mmoja katika nchi ya Italia, umepanda juu ya ubavu wa mlima Subasio, ambao kuta zake zatuuliza neno lililo zito zaidi: nyumba ya sala ni mali ya nani?

Tuanzie chini, bondeni, kwenye kikanisa cha Porziuncola. Urefu wake ni kama meta 7, upana wake kama meta 4. Darasa la katekisimu laweza kuwa kubwa kuliko hicho. Kilikuwa mali ya wamonaki Wabenedikto wa Subasio. Walipompa Mtakatifu Fransisko, yeye hakukubali kuwa mwenye mali. Mapokeo yasema kwamba kila mwaka ndugu zake waliwapelekea Wabenedikto kikapu cha samaki, iwe alama ya kodi, nao wamonaki wakawarudishia chombo cha mafuta. Hapo Fransisko alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, akiwa amelazwa juu ya ardhi tupu. Leo kikanisa hicho kimo ndani ya tumbo la basilika kubwa ya Bikira Maria wa Malaika, iliyoanzwa mwaka 1569 na kumalizika mwaka 1679. Watu wengine hucheka wakiona nyumba ndani ya nyumba. Mimi naona waliojenga walifanya vema kutokigusa kile kidogo.

Ukipanda kidogo wafika San Damiano. Kanisa hilo lilikuwa limebomoka Fransisko aliposali mbele ya msalaba wake na kusikia sauti ikimwagiza kutengeneza nyumba iliyoharibika. Alilitengeneza kwa mikono yake, naye hakujua bado kwamba anamtengenezea mwingine. Mwaka 1212 hivi, usiku wa Dominika ya Matawi, binti wa ukoo mkubwa aitwaye Klara alitoroka nyumbani kwao; baada ya kukaa kwa muda katika nyumba nyingine mbili za watawa, aliingia San Damiano, asitoke tena kwa miaka kama 40. Ndugu yake Anyesi alimfuata, na baadaye hata mama yao. Papa Gregorio IX alitaka kuwapa masista mashamba ili wasipate taabu, lakini Klara alikataa kwa heshima yote. Alitaka ruhusa moja tu: kutokuwa na kitu. Aliandika mwenyewe kanuni ya masista wake, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya kabla yake akakubaliwa na Papa. Inosenti IV aliithibitisha tarehe 9 Agosti 1253. Klara alifariki tarehe 11, siku mbili tu baadaye. Mwaka 1893 hati ile ilionekana imefichwa ndani ya mavazi yake, katika monasteri iliyo karibu na basilika yenye jina lake.

Mwisho wa mji yasimama Basilika ya Mtakatifu Fransisko. Kilima hicho kilikuwa mahali pa kuulia wahalifu, watu wakakiita Kilima cha Jehanamu. Papa Gregorio aliweka jiwe la msingi tarehe 17 Julai 1228, kesho yake ya kumtangaza Fransisko kuwa mtakatifu, na Ndugu Elia akaisimamia kazi kwa bidii. Ni makanisa mawili, moja juu ya jingine. Katika lile la juu picha 28 za ukutani zasimulia maisha ya Fransisko. Wengi humhesabia Giotto kazi hiyo. Tangu mwanzo wako ndugu waliohuzunika, wakiuliza kama maskini yule angelala kwa raha chini ya mawe mengi hivyo. Swali lao halikuwa la wivu. Tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko liliangusha sehemu ya dari, likaua watu wanne, wawili kati yao watawa. Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 1999.

Sisemi mengi juu ya katedrali ya San Rufino, walikobatiziwa Fransisko na Klara, maana nataka kufika mwaka 1943.

Mwezi Septemba wa mwaka huo Wajerumani waliishika Italia, wakaanza kuwakamata Wayahudi. Askofu wa Assisi, Giuseppe Placido Nicolini, alimkabidhi Padri Aldo Brunacci kazi ya kuwaficha. Wakimbizi, kama 300 hivi, walilala katika nyumba za watawa, hata zile ambazo kwa kanuni yao mwanaume hapiti mlango. Padri Rufino Niccacci, mkubwa wa San Damiano, alisaidia. Luigi Brizi na mwanawe Trento waliwapigia chapa vyeti vya uongo. Padri Brunacci mwenyewe alikamatwa mwezi Mei 1944, lakini alishuhudia kwamba katika Assisi hakutwaliwa hata mmoja wa waliofichwa. Alisimulia pia kwamba vitu na hati za wakimbizi vilifichwa ndani ya ukuta wa chumba cha chini katika nyumba ya Askofu. Askofu ndiye aliyekuwa mwashi. Padri alimshikia mshumaa.