Mwethya wa Programu: Vifurushi vya Linux Vilivyotufikia

Mtu wa Matinyani, huku Kitui, hahitaji kufundishwa mwethya. Majirani huja na majembe na karai, wakachimba matuta ya shamba moja leo na la jirani kesho, na hakuna anayedai mshahara. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL limejenga na vikundi kama hivyo mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui. Ukuta huzuia mchanga unaoletwa na mvua, mchanga nao hutunza maji hadi kiangazi, na kila mwenye mtungi huchota.

Programu za Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, zilienea kwa moyo huohuo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha mfumo huo bila malipo. Lakini kuunganisha programu moja moja kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1993 Ian Murdock, mwanafunzi nchini Marekani, akaanzisha Debian, ambako watu wa kujitolea hugawana kazi: huyu anatunza programu hii, yule ile.

Matunda ya kazi yao ni kifurushi. Ndani yake mna programu yenyewe, maelekezo ya kuiweka mahali pake, na orodha ya vifurushi vingine inavyovitegemea. Mwaka 1999 Debian ilitoka na apt, programu ya kuleta vifurushi. Unaandika amri moja, nayo inasoma orodha hiyo na kukuletea vyote kutoka ghala la pamoja.

Afrika Mashariki nayo iliweka jiwe lake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, ilizaliwa juu ya msingi wa Debian, na hadi 2011 ilikuwa ikituma diski bure kwa posta. Huku kwetu zilikuwa neema, kwa kuwa kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilipitia setilaiti, tena kwa bei ya kuumiza.

Mwethya una jicho pia. Anayeweka jiwe bovu huonekana. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kompyuta ikichelewa nusu sekunde. Alipochimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyokwisha kuingia katika matoleo ya majaribio ya Debian. Aliweza kuufuatilia kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu kuukagua.

Hata leo mwalimu anaweza kupakua vifurushi mjini Kitui, akavitia kwenye flashi na kuvipeleka Matinyani, katika maabara isiyo na intaneti. Kompyuta ya kwanza ikishavipata, flashi inahamia ya pili, kisha ya tatu. Mwalimu haibi kitu, kwani leseni ya programu hizi inamruhusu kunakili na kugawa. Kilichojengwa na wengi kinachotwa na wengi, kama maji ya mchangani.