Kutoka Gari la Sinema Hadi Flashi: Safari ya Tamthilia Katika Nyumba za Gusii

Ukitoka Kisii mjini kuelekea Keroka na kuingia Nyamira, vilima havikwishi. Unateremka mmoja, unapanda mwingine, na katika kila bonde moshi unafuka jikoni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, wengi wao wakiishi kwenye vishamba vidogo vya migomba na majani chai. Kwa fundi wa runinga nchi hii ya Gusii ni taabu tupu. Mawimbi ya runinga hayapendi kona; kilima kikisimama kati ya mnara na nyumba, picha huja na chengachenga au haiji kabisa. Kwa hiyo swali la watu wa huku, tangu zamani, limekuwa lile lile: tamthilia imekwisha kutungwa, imepigwa picha, imefika nchini, itavukaje kilima cha mwisho hadi sebuleni?

Jibu la kwanza lilikuja kwa magurudumu. Tangu enzi za ukoloni hadi miaka mingi baada ya uhuru, magari ya sinema yalizunguka vijijini, ya serikali yakiwa na mafunzo ya kilimo na afya, ya kampuni yakiwa na matangazo ya sabuni na vinywaji. Kitambaa cheupe kilitundikwa kwenye uwanja wa shule au sokoni, jenereta ikawashwa giza lilipoingia, na kijiji kizima kikakaa kwenye nyasi. Hakuna aliyelipa kiingilio. Pia hakuna aliyechagua cha kutazama, wala aliyejua gari lingerudi lini.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962. Miaka miwili baadaye serikali ikalichukua shirika la utangazaji, KBC, na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989 liliporudi kuwa KBC. Kwa muda mrefu Gusii iliisikia runinga kwa masimulizi tu. Walioona vichekesho kama Vitimbi au Vioja Mahakamani walikuwa walimu wakuu wachache, wafanyabiashara wa mjini na majirani zao.

Kilichobadilisha mambo ni kitu kidogo chenye kioo cha inchi 14: Great Wall, runinga ya picha nyeusi na nyeupe kutoka Uchina, iliyokubali kutumia betri ya gari. Umeme haukuhitajika tena. Betri ilibebwa begani au kwa baiskeli hadi sokoni ikachajiwe, na ikirudi nyumba nzima ilijua. Nje ulisimama mlingoti wa mkaratusi au mwanzi ukiwa na eria kileleni, na chini yake mtoto mmoja akiuzungusha huku waliomo ndani wakipaza sauti: bado, bado, hapo hapo, umepitisha. Betri ilipoanza kuchoka, picha ilijikunja kutoka pembeni, ukingo mweusi ukila kioo pole pole hadi nyuso za waigizaji zikabaki katikati tu. Mwenye nyumba alilazimika kuamua: kuizima sasa ili betri ibakize nguvu za kesho, au kumaliza yote usiku huu.

Ndipo miaka ya 1990 KBC ikaonyesha The Rich Also Cry, tamthilia ya Meksiko iliyotengenezwa mwaka 1979. Tamthilia ya mfululizo iliwafunza watazamaji jambo ambalo gari la sinema halikuweza kuwafunza: kungoja. Saa ilijulikana. Ng'ombe walikamwa mapema, betri ikahifadhiwa kwa ajili ya kipindi hicho, na majirani wasio na runinga wakafika bila kualikwa. Kesho yake, kwenye mashamba ya chai, watu waliomboleza na kubishana juu ya Mariana, mhusika wake mkuu, kana kwamba ni binti wa ukoo. Mimi nauona huo kuwa utamaduni kamili wa kutazama, wenye adabu na ratiba yake.

Citizen TV iliurithi utamaduni huo. Katika muongo wa 2000, baada ya taarifa ya habari ya saa moja, ndio ulikuwa wakati wa Mother-in-Law, Inspekta Mwala na Papa Shirandula ya marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020. Bonasi ya majani chai ilipolipwa, runinga ya rangi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuingia nyumbani, mara nyingi kabla ya kochi la kuikalia.

Mapema 2015 mitambo ya analojia ilizimwa, mwezi Juni ukikaribia, muda ambao mataifa yalikuwa yamekubaliana kuhamia dijitali. Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu wakati wa mvutano wao na mdhibiti, na waliorudi kuzitazama walihitaji king'amuzi. Kebo halisi, ile ya waya, kampuni ya Zuku iliijenga Nairobi na Mombasa. Huku Gusii runinga ya kulipia ilikuja kwa sahani ya DStv juu ya bati, au kwa eria ndogo ya GOtv kwa wale ambao kilima kiliwaonea huruma.

Mwaka uliofuata dunia ya tamthilia ilihamia kwingine. Januari 2016 Netflix ilifungua milango Kenya, na baadaye mwaka huo huo Showmax ikaja. Tangu hapo kazi nyingi kubwa za Kenya zimezaliwa mtandaoni: Crime and Justice ya Showmax mnamo Februari 2021, Country Queen ya Netflix mnamo Julai 2022. Lakini saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula karibu gigabaiti nzima. Mchuma chai wa Kebirigo hawezi kununua bando la msimu mzima wa tamthilia na bado akalipa karo. Netflix yenyewe ililiona hilo, ikatoa huduma ya bure kwenye simu Septemba 2021, kisha ikaifunga mwaka 2023.

Kwa hiyo tamthilia za mtandaoni zikavuka kilima kwa flashi. Katika duka la filamu kijana anakaa mbele ya kompyuta yenye orodha ndefu. Unampa flashi, unataja jina, unalipa shilingi chache, na ukifika nyumbani unaichomeka kwenye tundu la runinga. La Casa de Papel na Squid Game zilifika vijijini hivyo. Huo ni wizi wa jasho la watu, na wasanii wa Kenya wanaumizwa nao kuliko Wakorea wa Squid Game. Lakini pia ni ushahidi kwamba watazamaji wapo, wako tayari kutoa chochote walicho nacho, na bado wanataka kutazama kwenye kioo cha sebuleni, familia ikiwa pamoja.

Kwingineko wenye majukwaa ya mtandaoni wamerudi kwenye runinga bila kuona haya. BoJack Horseman ya Netflix iliuzwa kwa Comedy Central na kuonyeshwa kwenye kebo ya Marekani mwaka 2018. Korona iliposimamisha upigaji picha mwaka 2020, CBS ilionyesha Star Trek: Discovery, iliyokuwa ya mtandaoni. Baada ya migomo ya Hollywood ya 2023, ABC ikajaza pengo kwa Only Murders in the Building ya Hulu. Hapa kwetu kampuni ya MultiChoice iliziruhusu tamthilia za Selina na Kina zipite milango miwili: chaneli za Maisha Magic na Showmax. Lilikuwa jambo jema, ila milango yote miwili ilikuwa ya kulipia.

Fikiria Country Queen. Akisa anarudi kijijini baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya madini imeimezea mate ardhi yao. Peleka hadithi hiyo Tabaka, ambako watu wamechimba mawe ya sabuni kizazi baada ya kizazi, na ambako ugomvi wa mpaka wa shamba hauhitaji kuelezwa. Hao ndio watazamaji wake halisi, na hao ndio ambao mtandao umewaacha nje.

Vikwazo vipo. Kanuni za utangazaji zinahifadhi saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kwa vipindi vinavyofaa watoto, na tamthilia za mtandaoni hazikuandikwa kwa kufikiria hilo. Mhariri atalazimika kukata. Lugha nayo inabaki deni. Kampuni ya Royal Media, iliyowapa Abagusii, wenyeji wa huku, redio ya Egesa FM, ilianzisha Inooro TV mwaka 2015, ya Kikuyu, ilhali Ekegusii, lugha ya huku, bado kinasikika zaidi redioni kuliko kuonekana runingani.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, ni haki za maonyesho, na hicho hutatuliwa kwa kalamu. Country Queen ina sehemu sita. Kwa KBC, shirika la umma lenye minara yake, hizo ni wiki sita tu za ratiba. Mtayarishaji wa Kenya anayeuza kazi kwa jukwaa la nje adai kifungu kimoja mkatabani: kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili mtandaoni, haki ya kuionyesha bila malipo ndani ya Kenya inarudi kwake. Serikali inayozisaidia kazi hizi kwa vibali na fedha nayo idai kifungu hicho kabla ya kutia sahihi.