Mahaba, Malisho na Mahari: Filamu ya Kihistoria na Nchi ya Chai

Filamu ya mapenzi ya zama zilizopita huuliza nani atamwoa nani, na mara nyingi jibu limo ardhini. Gillian Armstrong alilijua hilo alipotengeneza My Brilliant Career, filamu ya Australia ya mwaka 1979 iliyotokana na riwaya ya Miles Franklin ya mwaka 1901. Sybylla, aliyeigizwa na Judy Davis, anatoka kwenye shamba lililokaushwa na ukame, na anapelekwa kufundisha watoto wa familia nyingine ili kulipia deni la baba yake. Harry Beecham mwenye mali anamposa. Sybylla anamkataa, kwa kuwa anataka kuandika. Ukame na deni si pambo la mandhari hapa. Ndivyo vinavyosukuma kila uamuzi wa moyo.

Kenya ilipata filamu ya aina hii mwaka 1985, Out of Africa ya Sydney Pollack, iliyotokana na kumbukumbu za Karen Blixen na kutunukiwa Oscar 7. Milima ya Ngong, lilipokuwa shamba la Blixen, inapendeza mno machoni. Lakini haja ya ardhi ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi shambani mwa Blixen inasikika karibu na mwisho, tena kwa kinywa cha mwanamke wa Kizungu anayempigia gavana magoti. Wenye haja hawapewi nafasi ya kuisema, na hilo ni pengo kubwa la filamu hiyo.

Kericho na Bomet, nchi ya chai ya Kenya, zinastahili filamu inayofuata njia ya Armstrong, kwani mkasa upo tayari. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwatengea maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis, wenyeji wa huko, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa baada ya miaka michache, na ardhi, badala ya kurudi kwa wenyewe, ikaishia kwa kampuni za chai. Wachumaji wengi wakatoka Nyanza na magharibi, wakaishi katika nyumba za kampuni zinazoitwa laini.

Msiba huo uliingia hadi kwenye ndoa. Mahari ya Wakipsigis ni ng'ombe, na ng'ombe hutaka malisho. Palipokuwa na malisho pakawa na michai. Mwandishi wa filamu asiyeanzia hapo atapiga picha ya vilima vya kijani na kuwaacha wapenzi wake wakielea hewani.

Sura nzito zaidi ni ya ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Kwa sheria ya mwaka 1934 ukoo huo ulihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwenye malaria na mbung'o wanaoua mifugo: watu wa mahari ya ng'ombe walipelekwa mahali ng'ombe hawaishi. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1962, na wengi wao walirudi bila ardhi.