Kompyuta bubu ya Ikwiriri

Wadau, leo naomba tuzungumzie sauti. Siyo sauti ya umma wala sauti ya wanyonge, hayo ndiyo ninayoandika gazetini kila siku. Nazungumzia sauti inayotoka kwenye kompyuta ya nyumbani, na kwa nini ikipotea inatuletea presha.

Mjomba wangu anaishi Ikwiriri, Rufiji. Ana kompyuta ya mezani, mtumba, ya zamani kidogo. Ilikuwa inasumbua, fundi akapiga Windows XP upya. Ikarudi ina kasi nzuri, lakini haitoi sauti hata chembe. "Mjomba, mashine imekuwa bubu," akaniambia.

Kama ingekuwa ni Bongo Fleva tu, angevumilia. Tatizo ni kwamba humo ndani kuna sauti ya marehemu babu, iliyohamishwa kutoka kwenye kaseti. Anasimulia mafuriko ya mwaka 1968 na Operesheni Rufiji iliyofuata, serikali ilipowatoa watu bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya ujamaa nchi ya juu. Wajukuu walikuwa wamekusanyika kumsikiliza. Wakaishia kutazama kioo.

Tuanze na historia, maana jibu limo humo humo.

Kompyuta haikuzaliwa na sauti. IBM PC ilipoingia sokoni mwaka 1981 ilikuwa na kispika kidogo cha kupiga "piii" kazi ikiharibika. Ilikuwa mashine ya ofisi, ya mahesabu na barua. Hapa kwetu hata hiyo "piii" ilikuwa ngumu kuisikia, kwa sababu tangu mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa mahesabu wa Wizara ya Fedha kuleta vurugu. Televisheni nazo zilikumbwa na marufuku hiyo, ndiyo maana Bara tulianza kuona vituo vyetu mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa wameshaanza tangu miaka ya 70.

Huko duniani, mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Kanada ilileta kadi ya muziki ya kuchomeka ndani ya kompyuta. Mwaka 1989 Creative ya Singapore, kampuni ya Sim Wong Hoo, ikatoa Sound Blaster. Hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo, maana pamoja na muziki iliweza kucheza sauti iliyorekodiwa, yaani mtu akiongea. Lakini ilikuwa kifaa cha kununua pembeni. Asiye na hela alibaki na "piii" yake.

Mwaka 1997 Intel wakatoa mwongozo ulioitwa AC'97, na sauti ikaanza kuhamia kwenye mazabodi yenyewe. Kadi ya pembeni ikawa anasa. Mwaka 2004 Intel hao hao wakaleta mfumo mpya, High Definition Audio, ukachukua nafasi ya ule wa zamani.

Sasa unganisha tarehe. Windows XP ilitoka mwaka 2001. Mfumo mpya wa sauti ulikuja 2004. CD ya XP haiwezi kukijua kifaa kilichozaliwa miaka mitatu baada yake! Kwa hiyo fundi akipiga XP kwenye mashine ya baada ya 2004 na asiweke draiva ya sauti, yaani ile programu ndogo inayoiambia Windows namna ya kuongea na kifaa, mashine inawaka vizuri, ila haina mdomo. Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, ilikuja na draiva ya jumla ya mfumo huo, na ndiyo maana ugonjwa huu ulipungua baadaye.

Nilipofika Ikwiriri nilianza na vitu rahisi. Spika zina umeme? Waya umeingia kwenye tundu la kijani? Pinki ni la maiki na bluu ni la kuingizia sauti kutoka redio au kaseti. Rangi hizo zilipangwa miaka ya mwisho ya 90 ili watu waache kubahatisha. Kisha ile alama ya spika kwenye kona ya chini, je, imezimwa? Vyote vilikuwa sawa. Kwenye orodha ya vifaa nikakuta alama ya kuuliza ya njano. Hapo ugonjwa ukajulikana.

Tukafungua boksi, tukasoma jina la mazabodi lililochapwa kwenye ubao wenyewe, nikatafuta draiva ya mashine hiyo hiyo kwa simu na kuihamishia kwenye kompyuta. Tukaiweka, tukazima na kuwasha.

Babu akaongea. Shangazi akaomba irudiwe pale anapotaja mashamba yaliyoachwa bondeni, kwa sababu mojawapo lilikuwa la mama yake.

Somo langu ni hili. Historia nyingi ya Rufiji haijaandikwa, imesemwa. Tunaihamisha kutoka kwenye kaseti kwenda kompyuta tukidhani imeshakuwa salama, kumbe inategemea draiva tu. Ukimpa fundi mashine yako, nakili kwanza sauti za wazee kwenye flashi mbili, na umwambie asiondoke mpaka msikie mtu akiongea.